Kikapu cha Iliki

Simu ilitetemeka mara moja chini ya mto.

Mboni aliisoma bila kuwasha taa. *Embe limeiva. Lichumwe kabla meli haijang'oa nanga.*

Akaufuta ujumbe, akavaa viatu.

Kwa lugha ya Idara, ile ya siri aliyoitumikia, maana yake ilikuwa fupi: mzigo umetoka msituni Amani na unateremka leo. Mlinzi wa msitu aitwaye Ayubu aliwakuta watu wakivuna vinyonga kwa tochi, wakampasua kichwa kwa panga. Kabla fahamu hazijamtoka alitamka neno moja la maana.

Basi.

Si Land Cruiser, si pikipiki. Mzigo ungepanda basi la abiria, kwa sababu magari binafsi hupekuliwa kizuizini, na basi la asubuhi lililojaa wakulima na kuku wao hakuna anayelijali.

Asiyejua angecheka. Vinyonga? Lakini genge hilo hilo lilikuwa likiingiza bunduki kupitia mikoko ya kaskazini, na malipo yake yalikuwa wanyama hawa wadogo wenye pembe, ambao matajiri wa ng'ambo huwafuga kwenye vioo na kuwanunua kwa bei ya kufuru. Mnunuzi alikuwa ndani ya Celesta, meli ya watalii iliyotia nanga Tanga tangu juzi. Meli ingeondoka jioni, wakati wa Magharibi. Ikiondoka na mzigo, bunduki nyingine zingekuja.

Hilo lilikuwa la kazi. Lake mwenyewe lilikuwa jingine.

Leo ilikuwa arobaini ya baba yake.

Siku mzee Uweso alipozikwa, Mboni alikuwa nchi ya mbali akitumia jina lisilo lake. Alipata habari maji yakiwa yamekwisha kumwagika. Mama yake, Bi Zuwena, ambaye aliambiwa kuwa binti yake anafanya kazi ya bima Dodoma, hakupiga kelele kwenye simu. Alisema taratibu: "Maziko umeyakosa, hilo nimelimeza. Arobaini ukiikosa, Mboni, usinipigie tena simu ya kunisalimia."

Mboni akaahidi kufika. Watu wa kazi yake hawatakiwi kuahidi, lakini angemjibu nini mama yake? Hitima, kisomo cha kumwombea marehemu, ingesomwa nyumbani kwao Mabawa, mjini Tanga, baada ya sala ya Alasiri.

Alitia bastola yake, Glock 19, chini kabisa ya mkoba. Akapachika kifaa cha mawasiliano sikioni, akavaa buibui, akafunga nikabu. Ni vazi la heshima, na siku hiyo, Mungu amsamehe, lilikuwa pia vazi la kazi.

Basi liliondoka Amani na ukungu wa alfajiri.

Mshukiwa hakuhitaji kutafutwa. Alijitambulisha mwenyewe kwa basi zima: mzungu wa makamo, Kristofa, mwenye Kiswahili cha kujifunza kwa bidii. Alikuwa abiria wa Celesta. Wenzake walikuwa wakizungushwa milimani kwa magari ya viyoyozi, yeye akaona ni upuuzi kuja mbali kote huko na kuwatazama watu kupitia kioo. Akapanda basi Tanga mpaka Lushoto, Lushoto mpaka Muheza, Muheza mpaka Amani, na sasa alikuwa anarudi kuiwahi meli yake. Magotini alikuwa na begi la mgongoni la Osprey, kubwa, lenye vitundu vya kupitisha hewa pembeni.

Vitundu vya hewa.

Mboni, aliyeketi nyuma yake, aliangusha kifaa kidogo cha kufuatilia ndani ya mfuko wa begi lile. Kisha akanong'ona chini ya nikabu.

"Namuona. Mzungu. Begi kubwa."

"Usimwache," ilijibu sauti ya Noa, mkuu wake, kutoka Dodoma.

Abiria wengine hakuwatazama mara mbili. Walikuwamo akina mama wa ndizi, fundi mwenye msumeno, na mtu mmoja wa kanzu na kofia aliyebeba kikapu cha iliki kilichofunikwa majani ya mgomba. Iliki ilinukia basi zima. Mtu huyo alijitaja kwa jirani yake kuwa ni Nasri, mfanyabiashara wa Chumbageni, mjini Tanga.

Muheza walibadilisha gari. Kristofa akauliza Coaster ya Tanga ni ipi, akaonyeshwa, akapanda. Nasri akapanda. Mboni akaweka mguu wake mlangoni, na hapo hapo akasimama.

Kiti cha pili kutoka mlangoni alikuwa amekaa mama yake.

Bi Zuwena alikuwa amekuja Muheza kununua nazi za kupikia hitima, na kiroba chake kilikuwa chini ya kiti. Alivaa buibui lake la siku zote, na mabegani alijitanda leso nyekundu ambayo Mboni alimletea sikukuu ya Idi. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukivuta tasbihi ya kahawia. Mboni aliijua. Ilikuwa ya baba.

Alipaswa kushuka. Kanuni ya Idara iko wazi: ukikutana na ndugu yako kazini, unapotea. Lakini begi lenye vitundu lilikuwa limekwisha kupanda, na konda alikuwa anagonga bati kuashiria safari.

Akapanda.

Viti vilikuwa vimejaa. Waliosimama ni watatu tu: Kristofa, mtu wa iliki, na Mboni.

Sasa, pwani kuna jambo ambalo halikuandikwa mlangoni mwa gari lolote. Aliyeketi humpokea aliyesimama. Hujui jina lake wala aendako, lakini yeye ana mzigo na wewe una mapaja, basi unanyoosha mikono. Hakuna shukrani nyingi, maana kesho utasimama wewe.

Dada mmoja wa dirishani akamnyooshea Kristofa mikono. Mzungu huyo alikuwa amezipanda gari za Tanga za kutosha. Akasema, "Ahsante, dada," akamkabidhi Osprey yake yote, akabaki anatazama michungwa ya Muheza kwa raha zake.

Kitu kikamkera Mboni rohoni. Nani humpakatisha mgeni siri yake?

Hakupata muda wa kulifikiri. Mikono miwili yenye hina iliyofifia ilikuwa imeushika mkoba wake.

"Lete n'kupokee, mwanangu," alisema Bi Zuwena.

Mkoba hautoki mkononi. Hiyo nayo ni kanuni. Lakini kukataa ni kujitangaza kwa gari zima, na mikono ile ndiyo iliyomlea. Mboni akauachia. Hakuthubutu kusema ahsante, kwa kuogopa sauti yake. Akainamisha kichwa tu.

Bi Zuwena aliupakata mkoba. Ukamwelemea paja moja, akausogeza. Akatulia kidogo. Kisha akaishusha leso kutoka mabegani na kuufunika mkoba wote.

"Vumbi," alisema, bila kumsemesha mtu yeyote.

Mboni alisimama karibu naye kiasi cha kusikia tasbihi ikigongana. Alitamani kuuweka mkono begani pa mama yake. Mkono huo akaushikiza kwenye bomba la juu, akakaza macho kwa mzungu.

Walipopita Pongwe, Bi Zuwena akamgeukia mtu wa kikapu.

"Na wewe baba, lete hicho nikushikie."

"Nashukuru, mama. Nimezoea."

"Umezoea nini, kusimama na mzigo na mie nimekaa? Lete."

"Nimesema niache, mama."

Alisema kwa ukali. Si ukali mwingi, lakini ulitosha. Coaster nzima ikanyamaza. Konda aliyekuwa akikusanya nauli akasita. Mzee mmoja kiti cha nyuma, aliyekuwa nao tangu Amani, akacheka kikavu, akasema huyo atakuwa wa Chumbageni ya kwingine, ya Tanga anaijua yeye. Nasri akahamishia kikapu upande wa pili, mbali na mikono ya Bi Zuwena. Alikishika kwa mikono miwili, sawasawa, bila kukiinamisha, kama mtu aliyebeba chungu cha uji wa moto.

Iliki si uji; haimwagiki kwa kuinamishwa kidogo.

Mboni akaacha kumtazama mzungu.

Kituo cha Kange, nje kidogo ya mji, watu wote walishuka. Bi Zuwena alimrudishia mkoba umefungwa zipu vizuri.

"Mzigo wako mzito, mwanangu," alisema. "Ukimpata wa kukupokea, usikatae."

Basi. Akaita bajaji, akaanza kukiburuta kiroba chake cha nazi. Mboni alisimama hatua chache tu kutoka pale, ana nguvu za kumbeba mtu mzima, akamtazama mama yake akiburuta nazi za arobaini ya mumewe mpaka dereva alipoona haya na kumsaidia. Aliumia. Alikuwa amepigwa risasi mara moja katika kazi yake, na ile haikuuma namna hii.

Bajaji iliyombeba Nasri ikang'oka. Mboni akarukia bodaboda.

"Fuata ile."

Akabonyeza sikio.

"Si mzungu."

"Kifaa kinaonyesha anaelekea bandarini," alijibu Noa.

"Kifaa nilikiweka mimi, na nilikosea. Ni mwenye kikapu."

"Ushahidi?"

"Alikataa kupokewa."

"Alikataa nini?"

"Kupokewa mzigo, kwenye gari. Na mama mtu mzima."

"Sita," alisema Noa, akimwita kwa namba yake ya kazi, "hiyo si sababu."

"Kwa Tanga, ni sababu."

"Vijana wote nimewapeleka kwa mzungu. Ukifuata kikapu unakwenda peke yako."

"Siku gani sikwenda peke yangu?"

Akakata.

Nasri aliingia nyumba ya wageni mitaa ya Ngamiani, hakutoka. Mboni akaingia duka la vitambaa la ng'ambo ya barabara. Mwenye duka, Bi Shahida, alimtandazia jora moja baada ya jingine, kisha akaelewa kwamba mteja huyu hanunui kitu. Hakumfukuza. Akamletea kigoda na maji, akarudi kwenye mahesabu yake. Adhana ya Adhuhuri ikapita. Jua likahama upande wa pili wa mtaa. Mboni alikuwa ameketi mahali pengi namna hii, miji mingi, akitazama milango ya watu. Ila hapa kwao hapakuwa mbali. Saa hizi wanakuna nazi. Saa hizi vyungu vya kuazima vimefika na mtu anaulizia bizari. Jirani yao Nasma, ambaye ulimi wake haulali, lazima amekwisha kuuliza: na Mboni anakuja lini?

Mlango ukafunguka.

Kanzu haikuwapo. Kofia haikuwapo. Nasri alikuwa amevaa koti jeupe la jikoni, na kifuani limedariziwa jina: Celesta. Kikapu kilikuwa kilekile.

Mpishi wa meli anarudi na viungo. Nani atapekua iliki ya mpishi?

Mboni alifika bandarini nyuma yake, akamwonyesha mlinzi wa getini kitambulisho ndani ya kiganja, akapita. Karibu na geti vijana wa Noa, miwani myeusi usoni, walikuwa wamelimwaga begi la Kristofa juu ya meza. Soksi chafu. Darubini. Pakiti za chai. Soksi nyingine chafu. Mzungu yule, bila hasira, alikuwa akiwaeleza kila kitu alikinunua kwa nani na walisalimiana vipi.

Sauti ikaja sikioni, safari hii ya chini.

"Sita. Mzungu hana kitu."

"Najua."

"Uko wapi?"

"Nyuma ya mpishi."

Boti ya mwisho ya kuwapeleka watu melini ilikuwa ikichezacheza chini ya ngazi za gati. Ngazi zile zina ukoko wa kijani, na mwenye akili haziteremki bila kushika kamba kwa mikono yote miwili. Mpishi alisita kwenye ngazi ya chini. Mikono yake ilikuwa imejaa kikapu. Baharia ndani ya boti alikuwa ameinamia injini.

Mboni akateremka mpaka ubavuni pake.

"Lete n'kupokee, kaka," alisema.

Mtu yule akageuka. Akaiona nikabu. Akaikumbuka Coaster, akaukumbuka ukimya wa watu wale, na sura yake ikabadilika. Akakipachika kikapu kwapani, na mkono wake wa kulia ukatoka ndani ya koti na kisu cha kuchunia minofu.

Mboni akauchomeka mkono mkobani.

Hakikuwapo chuma.

Kilikuwapo kitambaa.

Kwa muda wa kupepesa jicho hakuelewa. Bastola ilikuwepo, uzito wake aliusikia, lakini ilikuwa imeviringishwa kitu laini kuanzia mtutu hadi kitako. Kisu kilikuwa njiani. Akaivuta kama ilivyo, kitambaa na chuma, leso ikafumuka hewani na kisu kikazama ndani yake. Mboni akaupota mkono wa mtu yule pamoja na leso, mara moja, mara ya pili, kama anayekamua nguo. Kisu kikatumbukia majini. Mguu wa mpishi ukateleza kwenye ukoko, kikapu kikamponyoka, na mkono wa kushoto wa Mboni ukakidaka kwa mshikio wake.

Wa kulia ulikuwa umebaki na Glock, uchi.

"Kaa chini."

Akakaa. Maji yalimlowesha mpaka kiunoni, naye hakulalamika.

Chini ya majani ya mgomba palikuwa na iliki. Chini ya iliki palikuwa na soksi za watoto wachanga, zimefungwa midomo, na kila moja ilikuwa ikipanda na kushuka polepole. Fundo moja lilikuwa limelegea. Kinyonga mwenye pembe akatoa kichwa, akaligeuza jicho moja kwa Mboni na jingine baharini. Mboni akamrudisha taratibu.

Yaliyobaki yalikwenda haraka, kama yaendavyo siku zote baada ya mtu mmoja kufanya kazi ya watu kumi. Vijana wakaacha soksi za mzungu, wakamfunga mpishi pingu. Wakapanda Celesta kabla haijang'oa nanga, wakamshusha mnunuzi akiwa na taulo kiunoni. Simu yake iliwapa jina la aliyempiga panga Ayubu na ufukwe ambao bunduki zingeshushwa.

Mboni aliketi kwenye jiwe la kufungia meli na leso magotini.

Nyekundu. Ya Idi. Sasa ilikuwa na tundu la kisu katikati. Kona moja ilifungwa fundo dogo, fundo la akina mama, lile wanalofungia chenji. Akalifungua kwa meno.

Tasbihi ya kahawia.

Akaelewa yote kwa pamoja. Mama yake aliupakata mkoba, akahisi umbo la bastola kupitia kitambaa cha mkoba, na akajua. Akaufunika kwa leso, na chini ya leso ile, bila kuangalia chini, akafungua zipu, akaivutia leso ndani polepole na kuiviringishia silaha ya binti yake ili watu wasiione. Tangu lini alijua kwamba bima ni uongo? Alimtambuaje, kwa macho tu, kwa kimo, kwa namna ya kuinamisha kichwa? Na kule kumng'ang'ania mtu wa kikapu ulikuwa ukarimu mtupu, au alihisi kitu? Mboni hakujua. Alilia chini ya nikabu, na uzuri wa nikabu ni kwamba hakuna kijana wa miwani myeusi aliyeona.

"Sita." Noa tena. "Kazi nzuri. Lakini wenzao bado wako mjini, na wanatafuta mwanamke wa nikabu. Panda basi la Dar, la wakati wa Magharibi. Usisimame nyumba yoyote."

"Nimeelewa."

"Na ile sababu yako nimeiandika kwenye ripoti."

"Umeiandikaje?"

"Kama ulivyosema. Sikupata maneno mengine."

Akavua kifaa sikioni. Akaita bajaji.

"Kange," alisema. "Pitia Mabawa."

"Mabawa ni kuzunguka, dada."

"Najua."

Turubai lilikuwa limefungwa kutoka nyumba hadi nguzo ya umeme, nusu ya barabara. Kisomo kilikuwa kimekwisha. Wanaume walikuwa wanaosha mikono, sinia zinapita, na harufu ya pilau ilikuwa ya nyumbani kiasi cha kuumiza. Bajaji ikalazimika kusimama kuwapisha wabeba sinia. Mboni hakushuka. Kama kuna macho yanayomtafuta mwanamke wa nikabu, yasimfuate mpaka kwenye mlango huu.

Nasma, jirani, akaja mpaka kwenye bajaji na sahani mbili, maana siku kama hiyo hapiti mtu akanyimwa. Moja akampa dereva, ya pili akamwekea Mboni magotini, juu ya leso iliyokunjwa.

"Sadaka ya arobaini ya mzee Uweso, dada. Muombee."

"Mungu amrehemu," alisema Mboni.

"Ulikuwa ukimjua?"

Mboni aliitazama sahani.

"Kidogo," alisema.

Mlangoni alitokea Bi Zuwena ameshika upawa wa kupakulia. Mabega yake hayakuwa na leso. Akaitazama bajaji, akamtazama aliyekuwamo, macho yakashuka mpaka kwenye leso iliyokuwa magotini pake, yakakaa pale. Hakusogea. Hakuita.

Nasma akageuka, akauliza kwa sauti ya mtu aliyelishikilia swali hilo kutwa nzima: "Bi Zuwena, na Mboni wako je? Ndiyo hakuja tena?"

"Amekuja," alisema Bi Zuwena.

Alisema kwa nguvu kidogo, barabara nzima isikie.

"Amekuja, na chakula chake keshapokea."

Kisha akarudi ndani kupakua.

Mboni akaifunika sahani kwa kona ya leso, vumbi lisiingie.

"Twende, dereva," alisema.